Ruta Iliyofungiwa Kabatini

Jumatatu asubuhi, nyumbani kwa Lusubilo huko Chapwa, Tunduma, mama yake alikuwa anachambua maharage. Mkewe, Enesi, alikuwa anapiga pasi blauzi nyeupe. Lusubilo mwenyewe alikuwa anatafuta shoka.

"Shoka la nini?" aliuliza mama yake, bibi Atuganile.

"La mparachichi, mama."

Bibi aliacha maharage. Mti ule aliupanda mwenyewe, mwaka aliomzaa Lusubilo.

Tatizo lilikuwa hili. Jumatano saa nne asubuhi Enesi alikuwa na usaili wa kazi kwa video. Kampuni moja ya mizigo ilitaka karani wa nyaraka. Lusubilo alimnunulia ruta ya 5G, yaani kifaa cha kuleta intaneti ya kasi nyumbani. Lakini tangu siku ya kwanza picha iliganda. Mnara wa simu uko nyuma ya mparachichi, basi Lusubilo akaulaumu mti.

"Nitatafuta kazi nyingine," Enesi alisema. "Mti wa mama usiukate."

"Umetafuta miaka mitatu. Hii huikosi."

"Kwanza mwite Fortunata," mama yake alisema. "Shoka halikimbii."

Fortunata, jirani yao, ni fundi wa minara ya simu. Alifika akiwa na viatu vyake vya kazi. Aliuliza jambo moja tu.

"Ruta iko wapi?"

Lusubilo alimpeleka chumbani. Akatoa funguo, akafungua kabati la chuma. Ruta ilikuwa juu ya mashuka, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Waya wa umeme ulipita kwenye tundu alilolitoboa.

Fortunata alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, umeifunga jela?"

"Hapa ni mpakani, dada. Kitu kizuri hakikai hadharani."

"Haya, niambieni. Ile baa ya barabarani ikipiga muziki, humu ndani mnasikia nini?"

"Besi," Enesi alijibu. "Du, du, du. Maneno hayafiki."

"Mawimbi ya simu nayo ni hivyo hivyo. Yanayotikisika polepole ni kama besi. Yanakwenda mbali na kupenya ukuta, ila yanabeba mzigo mdogo. Ya 5G hii yanatikisika haraka zaidi. Yanabeba mzigo mkubwa, lakini hayafiki mbali. Ukuta unayapunguza. Chuma na bati vinayazuia. Majani nayo yanayapunguza, hasa yakilowa."

"Kwa hiyo mti una kosa," Lusubilo alisema.

"Una kosa dogo. Kubwa ni lako."

Bibi alirudi kwenye maharage yake akitabasamu.

Fortunata alizunguka na ruta nyumba nzima akitazama taa zake. Jikoni ziliwaka mbili. Kwenye dirisha la sebuleni, upande wa barabara, ziliwaka nne.

"Hapa mnara mnauona kwa macho, pembeni ya mti," alisema. "Ikae hapa, juu, bila kitambaa. Mvua ikizidi na 5G ikipungua, itahamia 4G yenyewe. Hiyo nayo inatosha kwa usaili."

Lusubilo alipigilia kibao cha mbao dirishani. Shoka akalirudisha stoo.

Jumatano ilifika. Enesi alijibu vizuri swali la kwanza, la pili na la tatu. Kwenye la nne, picha ikaanza kukwama.

Bibi alichungulia nje kutoka mlangoni. Lusubilo alikuwa amesimama mbele ya dirisha, kifua mbele, akiilinda ruta. Bibi alinyata, akamvuta shati kwa nguvu. Picha ikarudi.

"Kumbe hata mimi nazuia?" Lusubilo alinong'ona.

"Hata wewe. Kaa chini, mwanangu."

Fortunata alithibitisha jioni ile. Mwili wa mtu una maji mengi, na maji huyapunguza mawimbi hayo.

Enesi alipata kazi. Sasa anafanyia sebuleni, maparachichi yakidondoka nje. Lusubilo akipita mbele ya dirisha lile, anainama. Mama yake anainama pia. Mwezi uliopita walikuja ndugu kutoka Ibaba. Wakadhani ni heshima ya nyumba ile, nao wakainama kila walipopita. Hakuna aliyewaambia wasifanye hivyo.