Mwimbaji Aliyeoshwa Jina

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha baba yetu Adamu majina ya vitu vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: asili ya habari hii ni mji wa Nelson, kaskazini mwa Uingereza, chini ya kilima cha Pendle, katika baridi ya mwaka 1976. Aliyeitoa ni Maulana Fazal Din, mzaliwa wa Mirpur, aliyefanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha kufuma nguo mjini humo. Naye aliipokea kwa mwenye kupatwa nayo, wakiwa wamesimama pamoja kati ya mitambo. Imefika hapa bila kutiwa chumvi.

Jambo lilianza kwa kofi moja lililochelewa.

Clifford Haworth alikuwa fundi wa mitambo siku sita za juma, na Jumapili alikuwa mpiga santuri katika ukumbi wa Palatine, ghorofani juu ya duka la viatu, ambako watu walicheza nyimbo za soul za Wamarekani weusi kuanzia saa sita adhuhuri, mapazia yakiwa yamefungwa ili mchana usiwakumbushe kazi ya Jumatatu. Nyimbo zenyewe hazikuwa zile zilizopata umaarufu. Zilikuwa zile zilizoshindwa: zilizochapwa nakala chache huko Detroit au Chicago, zikakosa wanunuzi, zikatupwa katika maghala. Kadiri wimbo ulivyokuwa haujulikani, ndivyo aliyeumiliki alivyoheshimiwa.

Jumapili moja ya baridi hiyo alipiga santuri yake mpya kwa mara ya tatu. Katikati ya wimbo ngoma hunyamaza kwa pigo moja, na hapo ukumbi mzima, watu mia tatu, hupiga kofi moja kwa pamoja. Walipiga. Kisha, ngoma zikiwa zimekwisha kurudi, likasikika kofi jingine, la peke yake, laini, kama la viganja vilivyotoka majini.

"Kuna mlevi huko," alisema Clifford moyoni. Lakini ukumbi ule haukuuza pombe.

Wimbo ulipokwisha, watu wakageukia jukwaa, wakampigia makofi mwimbaji aliye mbali asiyeweza kuwasikia; hiyo ilikuwa adabu yao. Palikuwa na nyingine. Hakuna aliyeingia sakafuni na glasi. Hakuna aliyekatiza kati ya wachezaji. Sakafu ilinyunyizwa poda ili soli za ngozi ziteleze, na kila mtu alikuwa na nafasi yake. Akitoka kunywa maji, hurudi akaikuta wazi, maana wenzake huizunguka kana kwamba bado yumo.

Na ilikuwapo adabu ya wapiga santuri. Mwenye wimbo ambao hakuna mwingine aliyeupata aliruhusiwa kubandika karatasi nyeupe juu ya lebo na kumpa mwimbaji jina la kubuni, ili washindani wasijue la kutafuta. Baada ya miezi kadhaa karatasi hubanduliwa mbele ya watu, na mwimbaji akarudishiwa jina lake. Kuficha kuliruhusiwa, kurudisha kulikuwa wajibu.

Selwyn Ogden, mpiga santuri mwenzake, mtu mnene wa maneno mengi, alimsogelea.

"Nani huyo mama anayeimba?"

"Verna Pike," alijibu Clifford. "Si imeandikwa?"

"Imeandikwa na wewe, kwa kalamu ya mkeo. Verna Pike hajazaliwa, Cliff. Ukitaka kutudanganya, walau mpe jina la mtu anayeweza kuimba. Hilo ni la mwalimu wa hesabu."

"Basi mtafute akufundishe kuhesabu."

"Nitamjua tu. Nipe mpaka Pasaka."

"Nakupa mpaka Kiyama."

Clifford alisema hivyo kwa sababu alikuwa amefanya ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Alijua kwamba karatasi hubanduka, na wenye macho makali huiinua kwenye taa wakasoma kilicho chini. Kwa hiyo juma lile mkewe alipojifungua, Clifford aliiloweka santuri katika beseni la kuoshea vyombo, akaikwangua lebo kwa kucha mpaka plastiki ikabaki tupu. Akachukua msumari akaikwaruza namba ya santuri iliyochorwa karibu na tundu la katikati. Kisha akayamwaga maji, vipande vya karatasi vikazunguka mara mbili katika sinki na kuteremka. Palipokuwa na lebo akabandika karatasi yenye jina la Verna Pike. Jina la kweli likabaki kichwani mwake peke yake, na kila Jumapili akirudi nyumbani na sanduku lake alilitamka polepole, kama mtu anayegusa ufunguo mfukoni.

Jioni hiyo aliugusa mfuko, ufunguo haukuwamo.

Alisimama mbele ya mlango wake akijaribu. Sauti ya mwimbaji ilikuwamo, kila pumzi yake; jina halikuwamo. "Litakuja," akasema, akaingia.

Noreen alikuwa ananyonyesha kando ya moto. Mtoto, msichana, alikuwa na siku kumi na tisa.

"Cliff, nani anapiga kofi jikoni?"

"Bomba hilo."

"Bomba halingoji mtoto anyamaze. Hili linangoja, halafu linapiga moja. Na jiko linanuka kama posta. Karatasi mbichi na gundi." Akamsogeza mtoto kifuani. "Nikuulize kitu, usinicheke. Tulisema mtoto tutamwita nani?"

"Jina la mama yako, Mungu amrehemu."

"Hilo najua. Ndiyo lipi?"

Clifford alifungua mdomo. Moto ulilia katika makaa. Jina hilo nalo halikuwamo.

Siku ya pili Noreen alimweka mtoto katika kigari akaenda makaburini alikozikwa mama yake. Alirudi midomo ikiwa myeupe.

"Jiwe lipo," alinong'ona. "Mke mpenzi wa baba, lipo. Miaka, ipo. Pale katikati, penye jina, pamekuwa laini, Cliff. Laini kama sahani. Nimemuuliza yule bwana anayekata nyasi, ananiambia siku zote lilikuwa hivyo."

Wakavitoa vyeti vya zamani sandukuni. Kila kimoja kilikuwa na doa la maji, na kila doa lilikuwa mahali pamoja, juu ya jina la mama.

Maulana Fazal Din aliendesha mitambo minne katika chumba alichokuwa Clifford akitengeneza. Kelele humo haimruhusu mtu kujisikia mwenyewe, kwa hiyo wafumaji wa kule husemezana kwa midomo bila sauti, wakisomana nyuso. Na Maulana alikuwa amekwisha kuijua lugha hiyo kabla hajaijua ya wenyeji. Hivyo ndivyo Clifford alivyomweleza yote, katikati ya ngurumo, bila kutoa hata mnong'ono.

"Wafu hawarudi, bwana Clifford," midomo ya mzee ilisema. "Huyo si yule mama. Lakini kila binadamu huzaliwa na karini wake, jini anayeandamana naye. Mtu akifa, karini hubaki, akatafuta pa kukaa. Labda yule mama alikufa bila kaburi lenye jiwe. Labda jina lake lilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kile kiduara cha karatasi. Karini alikuwa amekaa hapo. Ukamkwangua."

"Anataka nini?"

"Ulimchukulia moja, anachukua moja."

"Kwa mtoto? Mtoto kakosa nini, mzee?"

"Hakukosa. Jina lake ndilo lilikuwa jipya, halijafungwa popote."

"Basi nisaidie. Msomee. Mfukuze."

"Nitakuja kusoma, mwanangu. Ila kumtoa, lazima nimwite. Nimwite nani? Verna Pike?"

Clifford aliinamisha uso, mazungumzo yakaishia hapo.

Maulana alikuja Jumamosi adhuhuri, kanzu yake ikiwa chini ya koti la mvua. Aliagiza beseni lile lile, likajazwa maji; akatia udhu, akaketi mbele yake, akasoma Ayatul Kursiyyu na sura za kujikinga kwa sauti ya chini, huku Noreen akiwa mlangoni amemkumbatia mtoto. Kisha akauliza, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza: "Wewe ni nani?"

Kofi moja likasikika kutoka ndani ya maji.

Akauliza mara ya pili, kofi likawa karibu zaidi. Alipouliza mara ya tatu, harufu ya gundi ilijaa jiko mpaka Noreen akaziba pua ya mtoto, na katika tundu la sinki vikaanza kupanda vipande vya karatasi, vyeupe, vilaini, kimoja baada ya kingine, vikijipanga juu ya bati kwa umbo la duara kama vinavyokumbuka mahali pake, na Clifford akainama kusoma, akivigeuza kwa ncha ya kidole mbele na nyuma, na havikuwa na herufi hata moja.

Maulana aliinuka polepole, kama aliyezeeka hapo hapo.

"Nimeshindwa," alisema. "Yupo, lakini hana pa kushikwa. Tafuteni jina la yule mama. Mkilipata, niiteni saa yoyote. Na mtoto mwandikisheni upesi, jina lolote, lifungwe."

Walijaribu. Noreen alisema Jean. Walilala na Jean, wakaamka bila Jean. Walisema Margaret, likakaa hadi chai ya saa nne. Sheria iliwapa wazazi siku arobaini na mbili za kumwandikisha mtoto, na siku zikawa zinakwisha. Clifford alimpigia simu mfanyabiashara wa Liverpool aliyemuuzia santuri ile. Akaambiwa kwamba sanduku la santuri lilikuja bila orodha, na hiyo ndiyo sababu Clifford mwenyewe alilipenda.

Jumapili ya mwisho aliipeleka santuri ukumbini. Aliiweka chini ya sindano, akatazama sakafu, na kwa mara ya kwanza aliona alichokuwa amekiona majuma yote bila kukitambua: katikati ya wachezaji palikuwa na nafasi tupu, kiasi cha mtu mmoja, na wote waliizunguka kwa adabu, hakuna aliyeikanyaga. Alimshika mkono kijana aliyepita chini ya jukwaa.

"Mbona hamsogei pale?"

"Kuna mtu pale," alijibu kijana, akishangaa kuulizwa.

"Nani?"

"Simjui jina."

Katika poda ya mahali pale palikuwa na alama za nyayo, za mwanamke, zisizo na viatu, na poda ndani yake ilikuwa imelowa.

Hapo Clifford alifanya kosa ambalo katika ukumbi ule halikuwahi kusamehewa. Aliinua sindano wimbo ukiwa katikati.

"Samahani," alisema kwenye kipaza sauti, na sauti yake ilikatika. "Huyu mama siye Verna Pike. Nimelipoteza jina lake. Anayelijua, naomba anitajie. Ni kwa ajili ya mtoto wangu. Naomba."

Watu mia tatu wakageukia jukwaa. Kisha Selwyn Ogden akatokea upande wa pili, akakatiza kati ya wachezaji, bila mzaha usoni, ngumi yake ikiwa imefumbwa juu ya kichwa.

"Ninalo," alisema. "Nimelipata asubuhi, katika orodha ya zamani kutoka Marekani. Nimeliandika kiganjani ili nije nikuaibishe. Nisamehe, Cliff. Chukua, chukua tu."

Alikuja akiizunguka ile nafasi tupu kama wengine wote, kwa mazoea ya mwili yasiyongoja fikra, akafika chini ya jukwaa, akaufungua mkono wake chini ya taa, na kiganja chote kilikuwa kimelowa, cha buluu, wino ukitiririka hadi kwenye kifundo, na harufu ya gundi ikapanda, naye akautazama mkono ule kisha akamtazama Clifford, na midomo yake ikatafuta na kutafuta, mtu yule ambaye hakuwahi kukosa neno.

"Nilikuwa nalo ngazini," alinong'ona. "Wallahi, Cliff, nilikuwa nalo ngazini."

Nyuma yake, mahali pasipo mtu, likapigwa kofi moja.

Hakika neno hilo la kuapa, Wallahi, ni la Maulana, msimulizi wa kwanza. Selwyn aliapa kwa desturi ya kwao. Lakini aliapa, na aliaminiwa.

Siku ya arobaini na mbili ilikuwa Jumanne. Ofisi ya uandikishaji ilikuwa na joto, kalenda ya mbwa ukutani, na mwandishi mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Noreen alikuwa ameandika jina walilokubaliana asubuhi, akalikunja ndani ya glavu. Alipoitoa karatasi ilikuwa imelowa, tupu.

"Chukueni muda wenu, wapenzi," alisema mwandishi. "Wengi hubabaika. Mtoto anaitwa nani?"

Noreen alimtazama mumewe. Clifford alifikiri majina ya wanawake wote aliopata kuwajua, shangazi zake, walimu, wafumaji, malkia. Yakaja bila sauti, nyuso tupu mlangoni. Moja tu lilikuwa na sauti. Alikaza meno ili lisitoke, akamshika mkewe mkono ili asilitamke, akahisi mkono ule ukilegea.

"Verna," alisema Noreen, huku machozi yakimtiririka.

"Jina zuri," alisema mwandishi, akaandika. "Hulisikii sana siku hizi."

Clifford alitaka kusema hapana. Kinywa chake kilifunguka, na kilichotoka kilikuwa asante.

Mwandishi akaugonga muhuri, pigo moja zito juu ya meza. Ukimya ukapita, kiasi cha pumzi. Kisha ndani ya kigari, chini ya blanketi, kwa mtoto wa wiki sita ambaye mikono yake ilikuwa bado haijajua kukutana, likapigwa kofi moja, laini, la viganja vilivyotoka majini.

Enyi mliosikiliza, Mola awahifadhie majina mliyopewa na wazazi wenu, na awaweke karibu na wanaoyatamka kwa mapenzi. Awarehemu wote walioimba wakasahaulika. Na yule ambaye jina lake halijulikani tena kwa yeyote ila Yeye, amwite kwalo Siku ya kuitwa, naye karini wake amwachilie mtoto wa watu. Amin.