Tofali Lililobaki Chini ya Bwawa

Ndugu zangu, mimi si msemaji wa mbele za watu. Lakini jambo hili nikilinyamazia tena, nitakuwa nimekosa mara mbili.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika nyumba za wafanyakazi wa chuo. Mama alikuwa akipiga pasi. Baba, mkuu wa idara ya michezo na mazoezi, alikuwa akisoma maombi ya kazi huku akipuliza chai yake. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu wa miaka minane, alikuwa amevaa miwani ya kuogelea pale mezani, akidai anaona samaki ndani ya kikombe. Tulicheka sote.

"Mume wangu," mama akasema bila kuinua macho, "ile nafasi ya mwokoaji wa bwawani umeshampa nani?"

"Bado. Lazima mtu awe na cheti, na cheti hapati mpaka afaulu jaribio."

"Na mdogo wangu, aliyekaa kwenye hilo kochi mwaka wa pili na digrii yake? Kuogelea anajua. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe."

Baba alikohoa. Chai ilimwishia utamu palepale.

Jumatatu mjomba alipelekwa bwawani. Tulimwita Kifua, maana vyuma vya jimu vilikuwa vimemjaza kweli. Mimi nilikwenda kumshikia taulo. Kocha wa kuogelea, mwanamke mfupi wa maneno machache, alitupa tofali jekundu la mpira, zito kama mtoto mchanga, kwenye kina cha mita tatu na nusu. Mwokoaji hulifuata chini akalipandisha. Juu ya maji mjomba alikwenda vizuri mno, lakini kila alipozama alirudi mikono mitupu, ameshika masikio.

"Yananiuma, Kocha. Nina mafua."

"Anayezama hatakusubiri upone mafua."

Baba akaingilia. "Atajifunza akiwa kazini. Andika amefaulu."

"Mkuu, kalamu yangu haijui kuandika hivyo."

"Basi nitaandika mimi."

Akaichukua fomu ya jaribio, akaandika. Kesho yake Kocha akahamishiwa stoo kugawa taulo, akakatazwa kukanyaga bwawani. Niliyaona yote. Nilikunja taulo, nikanyamaza.

Tofali likabaki palepale chini. Aliyeweza kulitoa alikuwa amewekwa stoo, na aliyepewa kazi hakulifikia. Wanafunzi wakalizoea. Fikirini, jamani: ushahidi umelala wazi, na watu wanaogelea juu yake!

Jumamosi iliyofuata familia za wafanyakazi ziliruhusiwa kuogelea. Mjomba alikaa juu ya kiti kirefu, firimbi shingoni.

"Mjomba, lile jekundu kule chini ni nini?" mdogo wangu akauliza.

"Hazina hiyo, bibie. Atakayeitoa namnunulia soda."

"Soda na keki?"

"Na keki. Lakini wewe na hicho kitambi chako utaelea tu kama boya!"

Akacheka, akageuka kuzungumza na wasichana wawili waliokuja kumsifia mabega.

Hakuna mtoto anayependa kuitwa boya. Niliinama kutafuta ndala zangu, na nilipoinuka sikumwona. Nikachungulia majini. Alikuwa chini kabisa, amelikumbatia tofali kwa mikono miwili. Lilikuwa limemshinda, naye hakutaka kuliachia. Mapovu machache yalipanda. Kisha hayakupanda tena.

"Mjomba! Yuko chini!"

Aliruka mara moja, sitamsingizia. Akazama, akafika katikati, akaibuka ameshika masikio. Akazama tena. Akaibuka tena.

"Siwezi!" akalia. "Jamani, siwezi kufika!"

Mimi sijui kuogelea. Nilikimbilia stoo nikipiga ukelele ambao sikujua kuwa ninao. Kocha alinipita mbio na nguo zake, na funguo za stoo mfukoni, akajitupa majini. Maji yakajifunika juu yake. Sisi tuliokuwa nchi kavu ndio tulioishiwa pumzi.

Aliibuka na mdogo wangu, akamlaza sakafuni. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu. Kocha akampulizia pumzi, akaanza kumbonyeza kifua akihesabu kwa sauti. Baba alifika akikimbia kutoka ofisini, akapiga magoti.

"Kocha, nakuomba. Nakuomba, dada yangu."

"Nyamaza, Mkuu. Nahesabu."

Akafika thelathini, akapuliza, akaanza upya. Akaanza upya tena. Mara ya nne mtoto akatapika maji, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Alilazwa siku tano. Siku ya pili, kwa sauti iliyokwaruza, alimwuliza baba, "Kwani Mjomba hukumjaribu kwanza?"

Baba aliinuka. Alitoka wodini, akachukua ile fomu, akaenda kwa mkuu wa chuo. Mbele yake alikata neno "amefaulu", akaandika "hakufaulu", akatia saini upya. Cheo kikaenda. Nyumba ya chuo tukaihama mwisho wa mwezi. Mama alifungasha vyombo, na ile methali sijaisikia tena kinywani mwake.

Mjomba sasa huamka alfajiri kila siku kwenda kwa Kocha, aliyerudishwa bwawani. Juzi, baada ya wiki saba, aliibuka na tofali mkononi, analia kama mtoto. Kocha alilipokea, akalitupa tena kwenye kina.

"Vizuri. Mara moja si kazi. Rudi."

FUNZO

Kazi ya kulinda uhai wa watu haimegwi kama mkate ili kila ndugu apate kipande. Anayestahili ajulikane kwa jaribio, si kwa ukoo wala kwa upana wa kifua. Nawe uliyeshika kalamu, kabla hujaandika "amefaulu", jiulize kama ungemkabidhi mtu huyo mwanao. Na kwa wenzangu tunaoona tukakunja taulo: semeni mapema. Mimi sauti yangu niliipata mtoto akiwa tayari chini ya maji.