Kamba Mbili

Chumba cha nyuma cha kinyozi kilikuwa na kiti kibovu, ndoo ya nywele zilizofagiliwa, na ramani ya pwani iliyobandikwa ukutani kwa plasta. Mwenye chumba, ambaye wote walimwita Kinyozi, aligonga ramani kwa wembe uliokunjwa.

"Safari ya siku tisa," alisema. "Kuna Mzee mmoja anatafuta watu wawili wa kumpelekea boti yake ya matanga. Shemeji atashika usukani. Wewe utapika. Siku ya tano mkisimama kuchukua mafuta, mimi napanda kama fundi wa injini. Siku ya sita tumeshapita rasi, simu hazishiki. Tunamfunga Mzee. Tunampa ile boti ndogo ya mpira, maji na biskuti, anajipigia makasia mpaka ufukweni. Sisi tunaondoka na boti kubwa. Rangi mpya, jina jipya. Kwisha habari."

"Haumizwi mtu?" Mpishi aliuliza.

"Naiba boti. Mzee wa nini?"

Shemeji, mume wa dada yake Mpishi, akacheka. "Huyu hata kuku hachinji mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Mpishi alikuwa mwoga na hakuwahi kuficha. Alikubali kwa sababu aliogopa zaidi kukataa.

*Siku ya sita. Saa mbili asubuhi.*

Boti ilikuwa ikiyumba huku na huku, upepo ukitokea nyuma. Kwa siku tano Mpishi alikuwa amejifunza kupika kwa mkono mmoja, wa pili ukishika nguzo. Mzee, daktari wa meno aliyestaafu, alisuuza sahani kwa maji ya bahari ili kubana maji matamu, na chai ya kila mtu akaitia sukari mwenyewe. Alimwita Mpishi mwanangu. Laiti angekuwa na roho mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

*Saa tatu.*

Kinyozi alishuka ngazi, akafunga mlango, akakunjua wembe. Shemeji alibaki juu kwenye usukani.

"Mfunge."

Mpishi alimfunga Mzee kitandani, chumba cha mbele. Kamba moja mikononi, moja miguuni. Alirudia fundo mara tatu.

"Usikaze sana," Mzee alisema kwa sauti ndogo. "Vidole vitakufa ganzi."

Kinyozi akamziba mdomo kwa plasta.

*Saa nne.*

Mpishi alikuwa anajaza madumu ya boti ya mpira. Kinyozi akayachukua, akayamwaga baharini, moja baada ya jingine.

"Maji ya nini? Sura zetu kazishika."

"Tulikubaliana..."

"Tulikubaliana nini? Saa tisa maji yana kina kizuri. Anaingia na kamba zake na ile nanga ndogo."

Mpishi alikwenda chooni akatapika, akajiosha uso, akarudi kumenya viazi.

*Saa sita.*

Kila siku saa hiyo binti wa Mzee, muuguzi, aliyekuwa na ramani ya njia yao, aliita kwenye redio. Asingejibiwa, angeamsha bandari zote. Kinyozi akamkalisha Mpishi mbele ya kipaza sauti, wembe ukagusa nyuma ya sikio lake.

"Mzee amelala. Basi."

Redio ikakwaruza. "Mpishi, hamjambo? Baba yuko wapi?"

"Hatujambo, dada. Kalala. Kashiba."

"Amekula nini?"

Siku ya kwanza, gatini, binti huyo alikuwa amemshika mkono na kumsihi: Baba hali kamba, hata kuonja, koo lake linaziba.

"Kamba," Mpishi alisema.

"Kamba?"

"Mbili, dada. Zimembana kidogo. Ndiyo maana kalala."

Jasho lilimtiririka hadi kiunoni. Mpishi gani asiyejua kwamba kamba wa kuliwa ni wawili, na wanambana mtu? Mbili, zinazobana, ni za kufungia.

"Haya," sauti ilisema, taratibu mno. "Msalimie. Poleni na kazi."

Kinyozi alizima redio, akamtazama. "Mbili tu? Mtu anashiba kwa kamba mbili? Ungesema sahani."

"Sikufikiri."

"Ndiyo shida yako." Akakunja wembe.

*Saa saba.*

Alimpelekea Shemeji chakula juu. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi muda wote wa redio.

"Kamba mbili, eh?" Shemeji alisema bila kumtazama. "Zimembana."

Mpishi akaweka sahani kando ya usukani.

"Dada yako ana mimba. Unataka nifungwe?"

"Anataka kumzamisha, shemeji. Mzima mzima."

Shemeji alimaliza chakula, akamrudishia sahani, akageukia usukani.

*Saa tisa kasorobo.*

Kinyozi ndiye aliyeiona kwanza: boti ya doria, nyeupe, ikija moja kwa moja. Alisimama katikati ya sitaha, wembe mkononi.

"Nani kasema?"

Mpishi alitaka kujibu. Badala yake akarudi nyuma. Wembe ukaanza kumjia.

"Mimi," Shemeji alisema.

Kinyozi akageuka, akamrukia, akamchana bega. Shemeji akazungusha usukani wote upande mmoja.

"Inama!"

Mpishi akalala kifudifudi. Upepo ukashika tanga upande wa pili, na lile gongo refu linaloshikilia tanga chini likavuka sitaha kwa kishindo. Kinyozi hakuwahi kujifunza kuinama; gongo likamtupa baharini. Maji yakamfunika, na hakuibuka tena.

*Saa tisa na nusu.*

Askari walimfungua Mzee, wakampandisha juu akisugua viganja. Hakujua lolote kuhusu redio.

"Huyu ndiye aliyenifunga," alisema, akimwonyesha Mpishi. Sauti yake ilikuwa ya kuumia kuliko ya hasira.

"Kweli," Mpishi alisema. "Ni mimi."

"Na huyu wa bega?" askari aliuliza.

Mzee akasita. "Huyo sikumwona nilipofungwa."

"Huyo baharia tu," Mpishi alisema haraka. "Tulimtishia wembe. Si mnaona kidonda?"

Shemeji akafumbua mdomo. Mpishi akamkazia macho mpaka akaufumba. Kisha akanyoosha mikono inayotetemeka, na askari akalazimika kuishika ndipo afunge pingu.