Ngazi ya Tatu

Kila siku baada ya masomo, Zumari alipitia kwenye jengo la ofisi ambako mama yake alifanya usafi. Alimkuta amepiga magoti, yuko hoi, akimalizia ngazi za marumaru. Zumari alibeba ndoo, mama akabeba ufagio, wakatembea taratibu kwenda nyumbani. Mara nyingi hawakuzungumza. Kufikia saa hiyo, mama alikuwa hana nguvu hata ya maneno.

Jina la Zumari alipewa na wanakwaya wenzake kwa sababu ya sauti yake. Mashindano ya kwaya yalikaribia, naye alichaguliwa kuimba peke yake beti mbili za mwanzo. Furaha hiyo ilikatizwa na Redio, msichana aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzima.

"Sauti tamu, lakini hayo meno!" Redio alisema mbele ya wote. "Mtu atadhani umetafuna mahindi ya manjano ukasahau kumeza!"

Kwaya nzima ilicheka. Zumari naye alicheka, ila kwa mdomo uliofumbwa.

Alidhani anajua la kufanya. Tangu utotoni alimwona mama akisugua mabomba kwa limau mpaka yang'ae. Basi, asubuhi na jioni, alisugua meno kwa kipande cha limau, na papo hapo akayapiga mswaki kwa nguvu. Redio alimpa unga wa kung'arisha meno uliofungwa kwenye karatasi isiyo na maelezo yoyote. "Hata mimi nautumia," alimhakikishia. Wakati wa mapumziko Zumari alikunywa soda kali ya limau, akiamini inaendeleza kazi.

Juma la pili, mazoezini, alivuta pumzi ili aanze kuimba. Hewa ilimchoma kwenye meno kama sindano. Sauti ikakatika. Alijaribu tena, ikakatika tena.

Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amefundisha vipindi saba siku hiyo, alijifuta uso. "Mwanangu, nitakungoja mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ukishindwa, beti nitampa mwingine. Sina jinsi."

Jioni hiyo, kwenye jengo la ofisi, mama alimpa maji ya baridi. Zumari alipiga funda moja akashika shavu.

"Fungua mdomo," mama alisema.

Zumari alieleza yote. Mama hakugomba. Alikaa kwenye ngazi na kuweka kidole juu ya ngazi ya tatu. Palikuwa na baka moja lililofifia, lisilong'aa kama jiwe lililolizunguka.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa, chai ilimwagika pale. Nikaweka limau, kama kwenye bomba. Doa lilitoka, na mng'ao ukaondoka nalo. Nimepasugua miaka sita sasa, mng'ao haurudi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Uchovu, mwanangu. Sikudhani utaipeleka kazi yangu kinywani mwako."

Kesho yake mama aliomba ruhusa kazini, wakaenda kwa daktari wa meno.

"Jino limefunikwa na ganda gumu liitwalo enameli," daktari alieleza. "Asidi ya limau au soda huondoa madini yake, ganda likalainika. Ukipiga mswaki saa hiyohiyo, unalikwangua. Na huo unga, hatujui una nini wala una ukali gani."

"Lakini naona yamezidi kuwa ya manjano!"

"Ndiyo, kwa sababu chini ya enameli kuna tabaka la manjano. Umekwangua kilicholifunika."

"Ganda litaota tena?"

"Lililokwisha halioti. Lililolainika bado linaweza kuimarika. Acha limau na unga. Ukinywa kitu kichachu, sukutua kwa maji, ungoje nusu saa au zaidi ndipo upige mswaki. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, madini yanayoimarisha ganda."

Zumari alifuata maagizo. Mwalimu, alipoambiwa ukweli, alimfundisha kuvuta pumzi kwa pua ili hewa isipige meno. Redio alisikiliza pembeni, kisha akamfuata kwa sauti ya chini ajabu. "Hata mimi yananiuma. Ulimwona daktari gani?"

Ijumaa ilipofika, meno yalikuwa bado yanauma kidogo. Zumari alivuta pumzi kwa pua, akaimba beti zote mbili bila kukatika. Mwalimu alitia alama kwenye daftari lake. "Beti ni zako," alisema.

Jioni alimpelekea mama habari hiyo. Mama alitabasamu bila kuinuka, kitambaa kikiwa juu ya ngazi ya tatu.

"Jiwe hili mwenye jengo akitaka atalibadilisha," alisema. "Wewe ganda la meno yako umepewa mara moja tu. Kabla hujasugua kitu, uliza kwanza kimetengenezwa kwa kitu gani. Hata ukinikuta nimechoka, niulize."

Zumari alipiga magoti kando yake, akachukua kitambaa cha pili.