Ng'ombe Mwenye Mikia Miwili

Agness ana duka la picha Mukendo, Musoma mjini. Wateja wake wanapenda picha yenye rangi zinazowaka, naye huwapa wanachotaka.

Jumapili moja alikwenda Nyamuswa kwa baba yake, Mzee Baltazar. Mzee aliomba apigwe picha akiwa na Subira, ng'ombe aliyelelewa na marehemu mama yake Agness tangu akiwa ndama. Subira alikuwa amezeeka sana. Mzee aliogopa ng'ombe huyo atakufa bila kuacha hata picha.

Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya zizi. Kwenye kamera, anga lilionekana jeupe na ng'ombe mweusi tii. Agness hakubabaika. Alipiga picha tatu: ya giza, ya kati na ya mwanga mwingi. Kisha akaziunganisha kwa programu ya bure kwenye kompyuta dukani kwake. Kila kipimo cha mwanga na rangi akakivuta hadi mwisho.

Alipompelekea, Mzee aliitazama sana ile picha.

"Ng'ombe wa nani huyu?"

"Ni Subira, Baba."

"Subira ni mwekundu. Huyu ni kama chungwa. Halafu ana mikia miwili."

Hakugomba. Aliirudisha tu, na hilo lilimuuma Agness kuliko kugombezwa.

Jirani yake wa Mukendo, Boniphace, anachapisha kalenda na mabango. Alipoiona picha alicheka kwanza ile mikia, maana hakuwa mtu wa kujizuia. Kisha akavuta kiti.

"Dada Agness, programu haina kosa. Ng'ombe alipunga mkia kati ya picha na picha. Lazima atulie, na kamera ikae kwenye stendi."

"Na rangi?"

"Vuta kidogo kidogo. Ukiona mwanga umemzunguka mtu kichwani, umepitiliza, rudisha. Na kivuli kiache. Asubuhi ile kivuli si kilikuwepo? Mbona umekifukuza?"

Akamshauri pia, akimaliza, atoke nje kidogo ndipo aitazame tena, kwa sababu macho huzoea haraka hata rangi ya uongo.

Agness akarudi Nyamuswa na stendi na kompyuta yake. Lakini nani atamtuliza ng'ombe? Hilo Boniphace hakulijua. Mzee alilijua.

"Subiri acheue. Akicheua hana habari na mtu."

Wakangoja mpaka Subira akalala chini na kuanza kucheua. Mzee akaketi kando yake, na Agness akapiga picha tatu mfululizo.

Safari hii alizitengeneza palepale nyumbani, baba yake akiwa pembeni. Wekundu ulipozidi, Mzee alisema arudishe, naye akarudisha. Kivuli cha ubavuni alikiacha. Alitoka nje, akarudi, akapunguza mwanga kidogo tena.

Alipoleta picha iliyochapishwa, Mzee aliisogeza karibu na macho. Doa jeupe la shingoni, ambalo kwenye picha ya kwanza lilimezwa na mwanga, sasa lilionekana. Hapo ndipo mkewe alipozoea kumkuna Subira kila jioni. Mzee aliliwekea kidole.

"Ni yeye," alisema.

Kisha akaomba aletewe nyundo na msumari.