Kabla ya Mara ya Tatu

Zamani baba aliniamsha kwa mnada. Alisimama mlangoni mwa chumba changu, akasafisha koo, kisha akanadi kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani: “Haya, mabibi na mabwana! Hapa tuna mtoto mvivu, hajaoga, lakini anauzika! Nani anamtaka? Mara ya kwanza! Mara ya pili!” Kabla hajataja mara ya tatu nilikuwa nimesharuka kitandani, kwani nilikuwa mdogo na niliamini kweli ningeuzwa.

Lakini mwaka ninaousimulia, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, baba aligonga tu mlango kwa vidole. Ko, ko, ko, basi. Niliamka, nikafagia sebule, nikachemsha maji ya chai, nikamvisha mdogo wangu Bonge suruali ambayo angeivua kabla sijafika shuleni. Baba alikunywa chai yake polepole, kitambaa cheupe kikiwa kimemzunguka shingoni. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameugua koo. Madaktari walimfanyia upasuaji wakamwokoa, ila sauti hawakuweza kuiokoa. Tangu hapo alikuwa akiandika maneno yake kwa chaki kwenye kibao kidogo, na maneno ya kuandika huwa machache.

Bado alikwenda kwenye ukumbi wa mnada kila siku, lakini si kunadi. Alifunga lebo kwenye makabati na makochi ya watu, huku kijana mmoja akinadi kwa kipaza sauti, tena vibaya. Nyumbani nako tulizoea ukimya. Mama alipika kimya, baba aliingia kimya, na mimi nilikula nikihesabu matonge ya Bonge ili tu nipate la kufanya.

Kitu pekee nilichokipenda humo ndani kilikuwa kompyuta. Baba aliinunua pale mnadani, ofisi moja ilipofungwa. Ilikaa pembeni ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ukiiwasha, kabla ya yote hutokea skrini nyeusi yenye mistari miwili, kila mstari na mfumo wake wa kuendeshea kompyuta. Usipobonyeza kitu, baada ya sekunde kumi inaingia kwenye mfumo wa kwanza, ule niliouzoea. Mfumo wa pili aliuweka mjomba, kaka yake mama, kabla hajahamia mbali kikazi. Sikuwahi kuufungua. Niliuona kama mgeni aliyelala kwetu akakataa kuondoka.

Nyumbani waliniita Mjuaji. Jina hilo alinipa baba, na zamani nililiona kama sifa.

Ijumaa moja rafiki yangu, ambaye darasani tulimwita Redio kwa jinsi asivyozimika, aliniazima flashi yenye mchezo wa mbio za magari. Nilipotaka kuuingiza kwenye kompyuta, ikaniambia diski imejaa. Jumamosi asubuhi nikamweleza Redio bombani.

“Si ufute ule mfumo mwingine?” alisema huku akikinga ndoo yake. “Unakula nusu ya diski bure. Kwetu kaka aliufuta dakika mbili tu, nafasi ikawa kubwa kama uwanja.”

“Hauharibu kitu?”

“Kwani kuna mtu anautumia? Mjuaji mzima unaogopa kubonyeza!”

Maneno hayo yalinichoma. Saa tano mama alimpeleka Bonge kliniki, na baba alikuwa kazini. Nikawasha kompyuta, nikatafuta ukurasa unaoonyesha mafungu ya diski, nikaliona fungu la mfumo wa pili. Nikabonyeza futa. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Palipokuwa na fungu pakawa nafasi tupu, na nikacheka peke yangu. Kisha ili nimalize kazi, nikaizima na kuiwasha tena.

Skrini ikawa nyeusi. Mistari miwili haikuja. Yalikuja maneno machache tu nisiyoyaelewa, na alama moja iliyokuwa ikiwaka na kuzimika. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nilifanya hivyo mara sita, kisha nikaifunika kwa kitambaa chake vizuri kuliko siku zote.

Mama aliporudi nilimwambia kabla hajaniuliza. “Mama, umeme ulikatika ghafla, kompyuta ikagoma.”

Nilitarajia aseme “pole.” Badala yake aliweka mfuko chini, akaketi kwenye kiti cha karibu, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Imegoma yote? Hata ule wa pili?” Nikashangaa anaujuaje. Nikasema yote.

Jibu nililipata kesho yake, na hadi leo naona aibu kulisimulia. Ilikuwa Jumapili, sote tupo sebuleni. Bonge alitembea hadi kwenye kompyuta, akainua kitambaa, akalaza sikio kwenye spika. Akasubiri. Akaipigapiga kwa kiganja. “Baba,” alisema. “Baba, tena.”

Baba alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka hapo. Alimtazama Bonge, akamtazama mama. Mama akainamisha kichwa.

“Nisamehe, baba watoto,” alisema. “Nilijua hutaki kuzisikia zile sauti zako. Lakini huyu alizaliwa ukiwa umeshafanyiwa upasuaji. Hajawahi kukusikia. Ninyi mkishaondoka, namfungulia.”

Ndipo nikakumbuka. Wiki mbili kabla ya upasuaji, baba alijifungia sebuleni na mjomba. Alirekodi hadithi, alirekodi minada yake, alirekodi kutuita kula. Mfumo wa kwanza ulikuwa ukikwama katikati ya kurekodi, ndiyo maana mjomba akaweka wa pili. Nilikuwa na miaka tisa, na baadaye sikujiuliza hata mara moja sauti hizo ziliwekwa wapi. Niliona kila mtu amezisahau kama mimi.

Baba aliinuka, akachukua kibao chake, akashika chaki, akakaa nayo hivyo hivyo. Kisha akaviacha mezani. Alitoka nje akaketi barazani.

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, nikalimeza. Nilijidanganya kwamba fundi atatengeneza na hakuna atakayejua.

Jumatatu tulikuwa tunatoka shule mapema. Mama aliibeba kompyuta ndani ya shuka, mimi nikabeba nyaya, tukaenda kwa fundi aliyekuwa na duka dogo nyuma ya posta. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, miwani juu ya paji la uso na nyingine puani. Duka lake lilinuka risasi ya kuunganishia nyaya, na kila rafu ilikuwa na kompyuta zilizofunuliwa matumbo.

“Shikamoo, fundi,” nilisema.

“Marahaba, mwanangu. Karibu, mama. Mgonjwa anaumwa nini?”

“Umeme ulikatika, dada, ikagoma,” mama alisema. “Humo ndani kuna sauti za mume wangu. Ziko kwenye mfumo wa pili. Hana sauti nyingine.”

Fundi aliacha utani palepale. Alichomeka flashi yake mwenyewe, mashine ikawaka kwa msaada wa flashi hiyo, akaichunguza diski kwa muda mrefu. “Mbona naona fungu moja tu? Kando yake ni patupu. Umeme hukwamisha mashine, lakini huu mfumo wa pili ni kama haujawahi kuwapo. Una hakika ulikuwa humu?”

“Ijumaa niliufungua, dada. Nilimfungulia mtoto.” Mama alisita. “Basi labda ni mimi. Mimi si mtu wa mashine, nabahatisha tu. Labda nilibonyeza pasipotakiwa. Mungu wangu, ni mimi nimezifuta.”

“Usijilaumu, mama, hutokea. Kama ulifuta wewe tangu Ijumaa na mashine ikaendelea kutumika, basi hakuna la kuokoa. Naweka mfumo mpya uenee diski nzima, angalau watoto wapate kusomea. Niendelee?”

Mama alijifuta macho kwa ncha ya shuka.

“Niendelee, mama?” fundi aliuliza tena kwa upole, kidole kikiwa juu ya kibodi.

Mama akaanza kutikisa kichwa kukubali. Nami akilini nikamwona baba wa zamani mlangoni mwa chumba changu, akivuta pumzi ili ataje mara ya tatu.

“Usibonyeze!” nilipiga kelele hadi mpita njia akachungulia. “Si mama. Hakuna umeme uliokatika. Ni mimi niliufuta, Jumamosi. Nilitaka nafasi ya mchezo. Mama, nilikudanganya.”

Nilimtazama mama nikitegemea kofi. Alinitazama tu, na kofi lingekuwa afadhali.

Fundi alikuwa ameshaondoa mkono kwenye kibodi. “Sasa nijibu, na usiniongezee chumvi wala kupunguza. Saa ngapi?”

“Saa tano na nusu.”

“Ulifuta tu, au uliliandaa upya lile fungu?”

“Nilifuta tu. Nikazima, nikawasha, ikawa hivi.”

“Huo mchezo uliuingiza?”

“Hapana. Uko kwenye flashi bado. Huu hapa.”

Alishusha miwani, akapumua. “Mama, keti. Pengine tumepona. Mtoto, sikiliza. Ulichofuta wewe ni lebo. Mzigo bado umekaa pale pale ghalani, ila mashine haijui tena kwamba una mwenyewe, kwa hiyo inapaona patupu. Na ile skrini ya mistari miwili ilikuwa inatokea kwenye fungu hilo hilo, ndiyo maana hata mfumo wa kwanza umekosa wa kuuamsha. Tusiandike kitu juu yake, tutaupata.”

Kwanza aliinakili diski yote kwenye diski nyingine, kwa tahadhari. Kisha akaweka programu ya kutafuta fungu lililopotea. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu, mama upande huu, mimi upande ule, nyaya zikiwa katikati yetu. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini kama unaona raha kututesa.

Hatimaye fundi akasema, “Njoo, mama.” Akabonyeza. Dukani mle, katikati ya kompyuta zilizofunuliwa matumbo, baba akasema, “Moja, mbili, tatu. Shemeji, nasikika?”

Mama alifunika uso kwa mikono yote miwili.

Sauti zote zilikuwapo. Fundi alizihamishia kwenye mfumo wa kwanza, akatupatia na nakala kwenye flashi mbili. Kisha akaniita. “Mama, huu mfumo wa pili mnauhitaji tena?” Mama akasema hapana, alichohitaji ni sauti tu. “Basi aliyeanza kazi aimalize, lakini kwa mpangilio.” Akanisimamia. Nilihakikisha nakala zinafunguka, moja baada ya nyingine. Nikaufanya mfumo wa kwanza ujiamshe wenyewe. Tukazima, tukawasha, ukaja. Kisha nikalichagua fungu la pili, nikabonyeza futa. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Safari hii nilimtazama mama kwanza. Alipokubali, nikasema ndiyo.

“Kufuta kulikuwa kosa la mtu asiyeuliza,” fundi alisema alipokuwa akifunga skrubu. “Hilo linatengenezeka, umeona. Lakini sauti za baba yako zisingepotea kwa kidole chako. Zingepotea kwa kidole changu, mimi fundi niliyeaminiwa, kwa sababu ulinificha ukweli. Na mama yako angebeba lawama isiyo yake maisha yote. Nusura uyaache hayo yatokee. Usisahau.”

Sijasahau.

Jioni hiyo nilimweleza baba mwenyewe, nimesimama mbele yake, bila kuruka kitu. Mama aliwasha kompyuta, akamtazama kumwomba ruhusa. Baba akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuisikia sauti yake mwenyewe baada ya miaka mitatu. Alisikiliza mnada wake mzima akiwa ameshika kitambaa cha shingoni. Katikati ya mnada ule sauti ya mtoto iliingilia, “Baba, naomba kalamu,” na yeye akajibu, “Subiri, Mjuaji, baba anarekodi.” Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nililia kwa sauti, na hakuna aliyeninyamazisha.

Baba alichukua kibao chake. Aliandika, akanigeuzia nisome: “Umechelewa sana, mwanangu. Umemtesa mama yako siku mbili. Lakini umesema kabla ya mara ya tatu.” Nilipomaliza kusoma alifuta kwa mkono, akaandika tena: “Siku nyingine sema mara ya kwanza.”

Adhabu yangu ilikuwa kumfungulia Bonge sauti zile kila jioni, baba akiwapo, kwani hapakuwa na haja ya kujificha tena. Mchezo wa magari nilimrudishia Redio bila kuucheza.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, baba aligonga mlango wangu. Ko. Ko. Nilivuta shuka nikisubiri ya tatu. Kabla haijafika, sauti nyembamba ikatoka nyuma ya mlango, ikipiga kelele kwa nguvu zake zote: “Nani anamtaka? Mara ya pili!”

Nilifungua mlango. Bonge alikuwa amesimama bila suruali, ameshika mguu wa baba. Na baba, mkono bado uko hewani, mabega yakimtikisika, alikuwa akicheka.