Sifuri za Djamila

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Djamila alisimama mbele ya kipima umeme kilichofungwa ukutani, akasoma namba na kuiandika katika daftari la chuo kikuu. Alirudia mchana na jioni. Mia mbili na ishirini: umeme mzuri. Mia na hamsini: umeme mgonjwa. Sifuri: umekatika.

Kazi hiyo alipewa na Larissa, mtafiti wa chuo kikuu, yeye pamoja na watoto wa barabara nyingine. Larissa alichunguza namna ya kuhifadhi umeme wa mto katika betri kubwa, ili ukikatika watu wasikwame. Betri ya kwanza ilikuwa tayari. Barabara moja tu ya mtaa wa Tshopo, mjini Kisangani, ingeipata: ile yenye shida kuliko zote.

Bwawa la umeme liko karibu. Watu wakinyamaza, maji yanasikika. Mto Tshopo haujapumzika hata siku moja. Waliopumzishwa ni sisi tunaoishi kando yake. Papa Rashidi, baba yake Djamila, fundi wa kuchomelea vyuma, hakulisahau hilo. Kila umeme ulipomkatikia kazini, alichukua msumari akakwaruza mstari na tarehe kwenye mlango wa chuma wa karakana yake. Miaka kumi na moja ya mistari!

"Papa Rashidi, mulango yako itatoboka!" majirani walimcheka.

"Itoboke," alijibu. "Siku moja mutu atakuja kuuliza. Mimi sitasema sijui."

Jumamosi moja Larissa aliwakusanya watoto wasomaji wa vipima mbele ya karakana hiyo, katika barabara ya kina Djamila.

"Bon, nimesoma madaftari yote," alisema. "Betri itaenda barabara ya kina Gédéon. Wana sifuri thelathini na moja mwezi huu. Barabara ya Djamila haina hata moja."

Gédéon, mwanafunzi mwenzake Djamila, aliangua kicheko. "Djamila, ninyi muko Kisangani ao muko Ulaya?"

Djamila hakucheka. Ng'ambo ya barabara, katika kituo cha afya, muuguzi mama Florentine alikuwa akihamisha chanjo kutoka friji lililozimika hadi sanduku la barafu. Ilikuwa mara ya kumi wiki ile. Betri ingeliokoa friji lile.

"Yaya Larissa," alisema Djamila, akimwita kama dada mkubwa, "nilidanganya. Kila nilipoona sifuri niliandika mia mbili na ishirini."

"Kwa nini?"

"Shuleni sifuri ni aibu. Niliogopa barabara yetu itashindwa mtihani."

Larissa alilifunga daftari taratibu. "Alors, hili siwezi kulitumia tena. Na kubahatisha siwezi."

Papa Rashidi alitoka karakanani, nyundo mkononi. "Miaka yote hii wakubwa wanaandika kwamba umeme iko. Na wewe, mutoto wangu, unawasaidia kuandika?"

Machozi yalimtoka Djamila. Alifuta uso, kisha akaushika ule mlango wa chuma na kuuvuta hadi mwanga wa jua ukaangukia mistari.

"Yaya, soma hapa. Papa hajawahi kudanganya."

Larissa alipiga magoti. Aliomba daftari ambamo mama Florentine huandika kila friji linapozimika, akalinganisha tarehe moja baada ya nyingine. Zilikubaliana. Sifuri arobaini na sita mwezi huo peke yake!

"Papa," alisema akiinuka, "chuoni tuna mashine za kupimia, lakini kumbukumbu za miaka kumi na moja hatuna. Naomba mlango huu uingie katika utafiti wetu."

Hakuna jirani aliyecheka. Gédéon mwenyewe alinong'ona, "Djamila, papa yako iko profesa!"

Wiki tatu baadaye betri ilifungwa katika kituo cha afya, ili chanjo zilindwe kwanza, juu ya meza ya chuma aliyoichomelea papa Rashidi kwa mikono yake. Siku ile ile, saa tisa alasiri, umeme ulikatika. Karakana ilinyamaza. Ng'ambo, friji la chanjo liliendelea kunguruma, na mama Florentine akapunga mkono dirishani.

Papa Rashidi alimkabidhi binti yake msumari.

"Sifuri ya shule ni yako peke yako," alisema. "Sifuri ya kipima ni ya wale waliotuacha hivi. Usiwafichie kamwe. Mutu akiandika ukweli, hata wenye aibu, siku moja wenye elimu watapiga magoti kuusoma."

Djamila alikwaruza mstari wake wa kwanza. Kisha akaingia ndani, akafungua daftari jipya, akaandika sifuri moja kubwa, ya mviringo, isiyo na aibu.